Kuafikiana au Kusawazika? Uhakiki wa Istilahi za Udhibiti wa Mitandao ya Vitendaji Vingi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi tatu za msingi katika nadharia ya udhibiti wa mitandao ya vitendaji vingi, hususani tawi lake ambamo kila kitendaji hutoa taarifa pale tu linapotokea tukio lililobainishwa. Istilahi hizo ni ile inayotaja vitendaji vyenyewe, ile inayotaja hali ya vitendaji kufikia thamani moja, na ile inayotaja sababu ya kitendaji kuvunja kimya. Hoja kuu ni kwamba tafsiri zinazomjia mtafsiri kwa haraka, yaani wakala, maafikiano na tukio, huvipa vifaa utashi ambao fomula hazina, na wakati huohuo humficha mtu aliyeamua ni lini kifaa kinyamaze. Kwa kutumia ngeli za nomino na minyambuliko ya vitenzi vya Kiswahili, makala yanapendekeza kitendaji, usawazikaji na kizingiti. Mwisho, yanaeleza kwa nini uchaguzi huo unawahusu washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika Ibara ya 137, uliitaja lugha ya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya na kuagiza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Agizo hilo limezaa kazi kubwa ya istilahi katika sheria, biashara na utawala. Katika sayansi za udhibiti na mitandao, kazi hiyo bado ni changa. Kwa kuwa ni changa, makosa yake yanaweza kurekebishwa kwa gharama ndogo, kabla istilahi hazijaingia katika vitabu vya kiada, zabuni na miongozo ya serikali.

Nadharia inayohusika si jambo la maabara peke yake. Kanuni zake hutumika kulinganisha saa za vihisi vilivyotawanyika, kuongoza makundi ya ndege zisizo na rubani, na kusawazisha masafa ya umeme katika gridi ndogo zenye vyanzo vingi. Afisa atakayeshauri kuhusu mfumo wa namna hiyo hatasoma uthibitisho wa kihisabati. Atasoma muhtasari, na katika muhtasari kitakachomfikia ni istilahi. Kwa hiyo, istilahi ikieleza jambo tofauti na lile linaloelezwa na fomula, ushauri utajengwa juu ya maana isiyokuwepo.

2.0 Nadharia kwa Ufupi

Chimbuko la dhana inayojadiliwa ni la kibinadamu. Mwaka 1974, mwanatakwimu Morris DeGroot alichapisha makala kuhusu kundi la wataalamu ambamo kila mmoja hurekebisha makadirio yake kwa kuyapa uzito makadirio ya wenzake, tena na tena. Alionesha masharti ambayo chini yake makadirio yote hukaribia thamani moja. Miongo mitatu baadaye, wahandisi waliichukua hesabu ya aina hiyo na kuitumia kwa vifaa. Kazi ya Jadbabaie, Lin na Morse ya 2003, na ile ya Olfati-Saber na Murray ya 2004, zilikuwa miongoni mwa nguzo za uwanja huu.

Kanuni ya msingi ni nyepesi. Kila kitendaji kina thamani, na thamani hiyo husogea kuelekea thamani za majirani zake. Tuseme vihisi vitatu, A, B na C, vimepangwa kwa mstari, na thamani zake za mwanzo ni 18, 24 na 30. A na B hupashana taarifa. B na C vivyo hivyo. Thamani ya A itapanda, ya C itashuka, na zote zitakaribia 24, ambayo ndiyo wastani wa zile tatu. Matokeo haya hupatikana katika mtandao wowote uliounganika ambao viungo vyake vina uzito ule ule pande zote mbili.

Ugumu huja katika mawasiliano. Ikiwa kila kihisi kitatangaza thamani yake muda wote, betri itakwisha na mkondo wa mawasiliano utajaa. Njia ya zamani ni kutangaza kwa vipindi sawa, kama saa inavyogonga. Njia ya pili ni kutangaza pale tu panapokuwa na haja. Karl Johan Åström na Bo Bernhardsson walionesha, mwishoni mwa miaka ya 1990, faida ya njia ya pili kwa mfumo sahili unaosukumwa na kelele za nasibu: kwa wastani ule ule wa idadi ya vipimo, upimaji wa vipindi sawa ulitoa mtawanyiko mara tatu ya ule wa upimaji unaosubiri haja. Mwaka 2007, Paulo Tabuada aliipa njia hiyo msingi imara katika udhibiti. Mwaka 2012, Dimarogonas, Frazzoli na Johansson waliipeleka katika mitandao ya vitendaji vingi, na mwaka 2013 Seyboth, Dimarogonas na Johansson wakapendekeza namna ambayo kila kitendaji huangalia thamani yake chenyewe tu kabla ya kutangaza.

Katika namna hii ya mwisho, kila kitendaji hukumbuka thamani kiliyotangaza mara ya mwisho. Tofauti kati ya thamani hiyo na thamani ya sasa ikivuka mpaka uliowekwa, kitendaji hutangaza upya. Kwa mfano, A ikiwa ilitangaza 18 na mpaka ni 0.5, itanyamaza maadamu thamani yake iko kati ya 17.5 na 18.5. Katika muda huo wote, B itaendelea kufanya hesabu kana kwamba A ni 18.

3.0 Wakala au Kitendaji

Neno wakala limezoeleka Afrika Mashariki kwa maana mbili. La kwanza ni mtu anayefanya kazi kwa niaba ya mwingine, kama wakala wa bima au wakala wa huduma za fedha kwa simu. La pili, hasa Tanzania, ni taasisi ya umma iliyopewa jukumu mahususi, kama Wakala wa Barabara. Katika maana zote mbili kuna aliyemtuma wakala, na kuna wajibu wa kutoa hesabu kwake.

Kihisi katika mtandao hakimwakilishi mtu yeyote kwa maana hiyo. Kina kanuni moja na majirani wachache. Kukiita wakala ni kukipa dhamana kisiyoweza kuibeba, na kibaya zaidi ni kuiondoa dhamana hiyo mabegani mwa aliyeandika kanuni. Hitilafu ikitokea, ni rahisi kusema kwamba mawakala walikosea, ingawa waliokosea ni waliosanifu mfumo.

Mfumo wa ngeli unatoa suluhisho ambalo Kiingereza hakina. Ngeli ya KI-VI hubeba vyombo na vifaa. Ngeli ya A-WA hubeba viumbe vyenye uhai. Neno kitendaji, kwa wingi vitendaji, linaeleza kwamba kitu kinatenda bila kukihesabu kuwa mtu. Upatanisho wa kisarufi utaendelea kumkumbusha msomaji jambo hilo katika kila sentensi: kitendaji kimetangaza, vitendaji vimenyamaza. Pale ambapo vitendaji ni watu kweli, kama katika kazi ya DeGroot, mwandishi atumie watendaji au wataalamu, na tofauti itaonekana wazi.

4.0 Kuafikiana na Kusawazika

Istilahi ya pili ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi. Kamusi za jumla humwelekeza mtafsiri kwenye makubaliano, maafikiano au muwafaka. Maneno haya si matupu katika ukanda huu. Zanzibar, neno muafaka hukumbusha makubaliano ya 1999 na 2001 kati ya Chama cha Mapinduzi na Chama cha Wananchi. Maridhiano hukumbusha mazungumzo yaliyotangulia kuundwa kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa mwaka 2010. Kenya, makubaliano ya kitaifa hukumbusha mapatano ya 2008 kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga. Katika mifano hii yote palikuwa na pande zenye madai, mazungumzo, masharti, na haki ya kukataa. Makubaliano yalipoyumba, upande mmoja uliweza kuulaumu mwingine kwa kuvunja ahadi.

Hakuna hata kimoja kati ya hayo kilichomo katika fomula. A haikushawishiwa kupanda kutoka 18; imevutwa. Haiwezi kukataa, wala haina sababu ya kukubali. Aidha, thamani inayofikiwa si lazima iwe sahihi: ikiwa vihisi vyote vitatu vimeharibika kwa namna moja, vitakutana kwenye wastani wa makosa yao kwa utulivu uleule.

Sarufi ya Kiswahili inaliweka tatizo hili wazi kuliko Kiingereza. Kitenzi afikiana kina kiambishi cha kutendana, -an-. Kiambishi hicho hudai kwamba kila upande humfanyia mwenzake jambo lilelile. Katika mtandao wenye viungo vya pande mbili, dai hilo lina ukweli kiasi, kwa kuwa A husikia B na B husikia A. Lakini sehemu kubwa ya nadharia inahusu mitandao yenye mwelekeo, ambamo taarifa hupita upande mmoja. Tuseme sasa C haimsikilizi yeyote, B husikiliza C na A husikiliza B. Thamani zote zitaishia kwenye 30. Kwa lugha ya nadharia, vitendaji vimefikia hali ileile inayoitwa kwa jina lilelile. Kwa Kiswahili, hakuna mzungumzaji ambaye angesema kwamba A, B na C wameafikiana. Angesema kwamba A na B wamemfuata C.

Kiambishi kinachofaa ni kile cha kutendeka, -ik-. Thamani zinasawazika kama maji yanavyosawazika katika mitungi iliyounganishwa kwa bomba: hali inaelezwa bila kudai utashi wala usawa wa mamlaka. Kusawazika kunafaa kwa mfano wa kwanza, ambamo zote hufikia 24, na kwa mfano wa pili, ambamo zote hufikia 30, kwa sababu katika yote mawili thamani huwa sawa. Kinachotofautiana ni njia, na njia hiyo inaweza kutajwa: usawazikaji wa wastani kwa mfano wa kwanza, na usawazikaji wa kufuata kwa mfano wa pili. Msomaji wa sera ataona mara moja ni mfumo upi una kiongozi.

Pendekezo hili lina faida nyingine. Katika sayansi ya kompyuta kuna dhana yenye jina hilohilo la Kiingereza lakini yenye maana tofauti: michakato kadhaa kuamua thamani moja, mara moja, bila kurudi nyuma. Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha mwaka 1985 kwamba, katika mtandao usio na kikomo cha ucheleweshaji wa ujumbe, hakuna mbinu isiyo ya nasibu inayoweza kuhakikisha uamuzi huo kila wakati ikiwa hata mchakato mmoja unaweza kusimama. Kwa dhana hiyo, uamuzi wa pamoja ni istilahi inayofaa. Kiswahili kitakuwa na maneno mawili kwa dhana mbili, mahali ambapo Kiingereza kina moja.

5.0 Tukio, Kizingiti na Kimya

Istilahi ya tatu inaonekana kuwa nyepesi, na kwa hiyo hupita bila kuhojiwa. Tukio, katika Kiswahili, ni jambo linalotokea: ajali, harusi, mafuriko. Halina mwenye kulipanga, au angalau neno lenyewe halimtaji. Katika nadharia hii tukio ni kitu tofauti kabisa. Halitokei duniani kwanza kisha likagunduliwa. Linabainishwa na msanifu kwa kuweka mpaka. Akiweka 0.5, A itatangaza mara nyingi na kutumia betri zaidi. Akiweka 3, A itatangaza mara chache, na majirani watafanya hesabu kwa taarifa zilizochakaa. Dunia ni ileile. Matukio yamebadilika kwa sababu mtu amebadilisha namba.

Neno kizingiti linafaa zaidi. Ni sehemu ya mlango inayovukwa, na kila kizingiti kina fundi aliyekiweka. Ni kweli kwamba katika lugha ya magazeti vizingiti humaanisha vikwazo, lakini maana ya msingi bado inafahamika, na muktadha wa namba huondoa utata. Udhibiti wa kizingiti ni istilahi fupi, na humlazimisha msomaji kuuliza swali linalostahili: kizingiti kimewekwa na nani, na kwa kipimo gani?

Swali hilo si la lugha peke yake. Katika kazi ya 2013 iliyotajwa, kizingiti kina sehemu mbili: moja isiyobadilika na nyingine inayopungua kadiri muda unavyokwenda. Sehemu isiyobadilika ikiwepo, vitendaji hufika karibu na wastani lakini haihakikishwi kwamba vitaufikia wenyewe. Ikiondolewa, wastani hufikiwa, mradi kasi ya kupungua kwa kizingiti iwe ndogo kuliko kipimo fulani cha uunganikaji wa mtandao mzima. Hapa pana jambo ambalo muhtasari huliacha. Mfumo husifiwa kwa kuwa hauna kituo kikuu, kila kitendaji kikijitegemea. Lakini namba inayotakiwa ili ufanye kazi sawasawa inapatikana kwa kuuona mtandao wote. Kuna aliyeuona, naye ndiye aliyeweka kizingiti.

Kazi ya 2012 nayo ina jambo la namna hiyo. Kizingiti chake hulinganishwa na tofauti kati ya kitendaji na majirani zake kwa wakati uliopo. Ili kitendaji kijue kama kinapaswa kuendelea kunyamaza, ni lazima kiwafuatilie majirani bila kukatiza. Kinachopungua ni marekebisho ya udhibiti, si usikilizaji. Waandishi wenyewe walilitambua hilo na kutoa namna nyingine ambamo kitendaji hukadiria mapema wakati wa tukio lijalo. Hata hivyo, msomaji anayeambiwa tu kwamba vitendaji huwasiliana pale linapotokea tukio ataamini kwamba mawasiliano yote yamepungua.

Yote haya yanaishia kwenye kimya. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika udhibiti wa kizingiti methali hiyo ina ukweli wa kiufundi: kimya ni ujumbe. A isipotangaza, B huelewa kwamba thamani ya A haijaenda mbali na 18. Lakini A inaweza kunyamaza kwa sababu nyingine: betri imekwisha, antena imevunjika, ujumbe umepotea njiani. Kwa B, vimya hivi vyote vinafanana. Katika mfumo wa vipindi sawa, ujumbe uliokosekana hujulikana mara muda wake unapopita. Katika mfumo wa kizingiti, kifaa kilichokufa huonekana kama kifaa kilichotulia.

Wahandisi wana tiba. Mojawapo ni kukitaka kila kitendaji kitoe ishara fupi ya uhai kila baada ya muda fulani, hata kama kizingiti hakijavukwa. Tiba hiyo ina gharama ya betri na mawasiliano, na kwa hiyo inaweza kuondolewa pale bajeti inapobanwa. Anayeiondoa anahitaji lugha inayomwonesha anachokiondoa. Maneno maafikiano ya mawakala yanayochochewa na tukio hayamwoneshi. Yanamwambia kwamba kuna mawakala wanaokubaliana, na kwamba jambo likitokea watasema.

6.0 Hoja Pinzani

Inaweza kudaiwa kwamba istilahi ni vibandiko tu, na kwamba wahandisi wanaosoma Kiingereza hawajapotoshwa na neno lao la kibinadamu. Dai hilo ni sahihi kwa mhandisi, kwa sababu yeye ana fomula mkononi. Si sahihi kwa mshauri wa sera, ambaye ana neno peke yake.

Inaweza pia kudaiwa kwamba ni heri kutohoa neno la kigeni na kulipa tahajia ya Kiswahili, ili kuepuka mizigo ya kisiasa iliyoelezwa. Utohozi una nafasi yake pale dhana haina jina karibu. Hali ya Zeno, yaani matukio yasiyo na idadi ndani ya muda wenye kikomo, haina haja ya jina jingine. Lakini pale ambapo Kiswahili kina mofolojia inayoeleza dhana kwa usahihi kuliko lugha chanzi, kutohoa ni kuacha mali ghalani na kwenda kukopa.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi: kusawazisha hutumika pia kwa kulinganisha saa, hesabu za fedha na hata ardhi ya kujengea. Ni kweli. Ndiyo maana makala yanapendekeza kutendeka, usawazikaji, badala ya kutendesha, usawazishaji. Usawazishaji una msawazishaji anayesimama nje ya kile anachokisawazisha. Usawazikaji hutokea ndani ya mtandao, kati ya majirani.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonesha kwamba tafsiri za haraka za istilahi tatu hukosea kwa mpangilio unaojirudia: huvipa vifaa utashi na humficha msanifu. Kitendaji, usawazikaji na kizingiti hufanya kinyume chake, na hutokana na nyenzo zilizomo tayari katika ngeli na minyambuliko ya Kiswahili.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki zinaposanifisha istilahi za uwanja huu, zikae na wahandisi wa udhibiti na kuipima kila istilahi kwa mfano wa namba, si kwa ulinganifu wa kamusi pekee. Mfano wa vihisi vitatu unatosha kuonesha ni neno lipi linavunjika. Pili, faharasa zitenganishe usawazikaji na uamuzi wa pamoja, kwa kuwa masharti ya kushindwa kwake ni tofauti. Tatu, waraka wowote wa sera au zabuni unaopendekeza mfumo wa aina hii ujibu maswali matatu kwa Kiswahili kinachoeleweka: nani anamsikiliza nani, kizingiti kimewekwa na nani, na kifaa kikinyamaza, itajulikanaje kwamba bado ni kizima.